Muuza maji wa mtaani: Akielimishwa, ni mlinzi wa kwanza dhidi ya kipindupindu

Leo katika ukurasa wetu wa afya na usafi tutamzungumzia mtu ambaye huenda amepita mlangoni kwako asubuhi hii, naye ni muuza maji. Kwa wakazi wa Dar es Salaam anakuja na mkokoteni au guta lililopangwa madumu ya lita 20. Kwingine anakuja na baiskeli, na Lamu anakuja na punda. Unamlipa, anakumiminia kwenye pipa au ndoo, kisha anakwenda zake kwa jirani.

Ni mara ngapi umemuuliza maji hayo ameyateka wapi? Je, umewahi kuitazama mikono yake, au sehemu ya ndani ya dumu lake? Wengi wetu tunauliza bei tu. Lakini inapoingia kipindupindu mtaani, mtu huyu mmoja anaweza kukisambaza katika nyumba 30 kwa siku moja bila kujua, na anaweza pia kuzilinda nyumba hizo hizo 30. Tofauti baina ya hali hizo mbili ni elimu ndogo, na gharama ndogo ambayo sisi wanunuzi tunapaswa kumsaidia kuibeba.

Janga ambalo halijaisha

Watu wengi wakisikia neno "janga la dunia" wanakumbuka Uviko-19, uliotangazwa kuwa janga mwezi Machi 2020. Wachache wanajua kwamba kipindupindu nacho ni janga la dunia, na kwamba lililopo sasa ni la saba katika historia. Lilianza katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961. Liliingia Afrika mwaka 1970, na Tanzania ikapata wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1974. Tangu hapo halijakoma. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea mikoani na Zanzibar, na hadi unatulia ulikuwa umewapata watu zaidi ya 20,000 na kuua mamia. Mwaka 2023 pekee, nchi mbalimbali duniani ziliripoti jumla ya wagonjwa zaidi ya 500,000 na vifo zaidi ya 4,000.

Ugonjwa huu husababishwa na kijidudu kiitwacho Vibrio cholerae. Hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, huingia katika maji au chakula, kisha humwingia mtu mwingine kwa njia ya kinywa. Dalili huanza baina ya saa chache na siku tano. Mgonjwa huharisha majimaji yanayofanana na maji yaliyooshea mchele, na mara nyingi hutapika. Akiwa na hali mbaya na asitibiwe, anaweza kufariki katika saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Akitibiwa mapema, chini ya mtu mmoja katika kila wagonjwa 100 hufariki.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kuwa wengi wanaobeba kijidudu hiki hawaumwi kabisa. Wanatembea, wanafanya kazi na wanakula vizuri, na huku wanakitoa kwenye choo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo muuza maji, mpishi au mama wa nyumba anaweza kuwa mzima wa afya na bado mikono yake ikawa njia ya maradhi.

Maji twahara si lazima yawe salama

Hapa Waislamu wengi tunateleza. Tumefundishwa madrasa kwamba maji yakibakia na rangi, ladha na harufu yake ya asili, ni twahara na yanafaa kutwaharishia. Hiyo ni hukumu sahihi ya udhu na josho. Lakini baadhi yetu tumeigeuza kuwa kipimo cha maji ya kunywa. Tunatazama dumu, tunaona maji meupe yasiyo na harufu, tunasema "haya masafi" na kumpa mtoto anywe.

Kijidudu cha kipindupindu hakibadilishi rangi, ladha wala harufu ya maji. Historia imetuachia mfano mzuri. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Broad Street jijini London, na watu zaidi ya 600 wakafariki katika eneo hilo. Daktari John Snow alipofuatilia vifo hivyo, aligundua kuwa vilizunguka pampu moja ya maji. Maji ya pampu hiyo yalisifika kwa ladha. Mama mmoja mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa huo, aliyapenda kiasi kwamba alikuwa akiletewa chupa yake kwa mkokoteni. Aliyanywa, akaugua kipindupindu na kufariki, ilhali ugonjwa huo haukuwepo alikokuwa akiishi. Mpwa wake aliyemtembelea na kunywa maji yale alirudi kwake Islington, naye akafariki. Snow aliwaeleza viongozi wa eneo, wakaamuru mkono wa pampu ile uondolewe.

Basi ndugu msomaji, tenganisha mambo mawili. Utwahara wa maji unatazama ibada yako. Usalama wa maji unatazama uhai wako, nao hauonekani kwa macho.

Wapo pia wanaoogopa kutia dawa ya klorini kwenye maji kwa hofu kwamba udhu hautasihi. Katika fiqhi ya Kishafii inayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, mabadiliko madogo yasiyoyaondolea maji jina la maji hayadhuru. Klorini inayotiwa kwa kipimo cha maji ya kunywa inaacha maji yakiitwa maji. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini asiiache familia yake bila kinga kwa sababu ya wasiwasi.

Wapi maji yanapochafuka

Maji yanaweza kutoka kisimani au bombani yakiwa salama, na yakafika kinywani mwako yakiwa na maradhi. Tufuatane na dumu moja tuone.

Kwanza ni pale yanapotekwa. Kisima kifupi kilicho karibu na vyoo huingiwa na uchafu, hasa wakati wa masika vyoo vinapofurika. Bomba nalo likipasuka na kupita kwenye mtaro, huvuta maji machafu kila presha inaposhuka. Tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya juu ya kujisaidia mahali watu wanapochota maji, njiani na kivulini. Laiti tungelishika katazo hilo, milipuko mingi isingefika mbali.

Pili ni mpira wa kujazia. Mara nyingi umelala chini kwenye tope, na ncha yake ndiyo inayoingizwa ndani ya dumu. Tatu ni dumu lenyewe. Lina shingo nyembamba, mkono hauingii, hivyo huota utelezi wa kijani ndani na kukaa miezi bila kusuguliwa. Nne ni kizibo. Kikipotea, huzibwa kwa kipande cha nailoni au gunzi la muhindi. Tano ni mikono ya muuzaji, ambaye anashinda barabarani na huenda asipate maji na sabuni kila anapotoka chooni. Sita ni nyumbani kwako, maana pipa likiwa wazi kila mtu huzamisha kikombe chake.

Utaona kwamba muuza maji anahusika katika hatua zote isipokuwa ile ya mwisho. Hakuna bwana afya anayeweza kuyasimamia madumu ya mtaa mzima kila siku, lakini yeye huyashika yote.

Anachoweza kufanya

Katika mji wa Goma, huko Kongo, watu wengi huchota maji moja kwa moja kutoka Ziwa Kivu. Mwezi Julai 1994 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walifariki huko kwa kipindupindu na kuhara damu. Katika milipuko ya eneo hilo imezoeleka njia moja nyepesi. Mtu anasimama pale watu wanapochotea akiwa na bomba la sindano lisilo na sindano na chombo cha klorini iliyopimwa, na kila dumu linalojazwa analitia kipimo chake kabla halijaondoka. Kazi hiyo haihitaji mtambo wala umeme.

Muuza maji wetu anaweza kufanya jambo hilo hilo kwa kutumia tembe au dawa ya maji inayouzwa madukani, kama vile Aquatabs au WaterGuard. Tembe ya miligramu 67 hutosha dumu la lita 20 la maji yasiyo na tope. Kwa kuwa tembe zipo za ukubwa tofauti, ni lazima kusoma maelezo ya pakiti. Dawa inahitaji nusu saa kufanya kazi. Na hapa biashara yake inamsaidia: akitia tembe pale anapojazia na kufunga kizibo, dawa inafanya kazi njiani, na mtikisiko wa mkokoteni unaichanganya. Akifika kwako kabla ya nusu saa, ngoja muda utimie ndipo unywe.

Maji yakiwa na tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha dawa iongezwe kama pakiti inavyoelekeza. Kuchuja si jambo la kudharau. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kuchuja kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa takriban nusu, kwani kijidudu hiki hung'ang'ania viumbe vidogo sana vya majini ambavyo kitambaa huvizuia. Kanga kuukuu iliyo safi inaweza kukunjwa vivyo hivyo. Lakini nusu iliyobaki bado inaua, kwa hiyo kuchuja hakuondoi haja ya dawa au kuchemsha.

Mbali na dawa, muuza maji azingatie haya:

Asugue madumu ndani angalau mara moja kwa wiki kwa sabuni, maji na kokoto ndogo safi, akitikisa kwa nguvu na kusuuza vizuri.

Asitumie kabisa dumu lililowahi kuwekwa mafuta ya taa, dizeli au dawa ya shamba.

Ncha ya mpira iangikwe juu, isilazwe chini.

Abebe kipande cha sabuni na kichupa cha maji kwenye mkokoteni, anawe kila anapotoka chooni na kabla ya kujaza madumu.

Asitumie jiki yenye manukato au iliyochanganywa sabuni kwa maji ya kunywa.

Amwambie mnunuzi ukweli. Kama maji ni ya kisima na hayana dawa, aseme hivyo, ili mnunuzi ajue ni ya kufulia au kwanza ayachemshe.

Hilo la mwisho ni amana. Mtume (S.A.W.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu. Ikiwa kuficha nafaka iliyolowa ni udanganyifu, je, kuuza maji ya kisima kilicho karibu na choo kwa jina la maji ya bomba?

Bei wakati wa maradhi

Maradhi yanapozuka, visima hufungwa, watu hukimbilia maji ya bomba na bei ya dumu hupanda. Baadhi hupandisha kwa sababu wanatembea mbali zaidi, na hilo linaeleweka. Wengine hupandisha kwa sababu tu wamewaona watu wana hofu. Uislamu umekataza kuhodhi mahitaji ya watu ili bei ipande, na Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwenye kufanya hivyo kuwa ni mkosa. Aidha, historia inatueleza jinsi Sayyidna Uthman (R.A.) alivyokinunua kisima cha Ruma huko Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakitoa wakfu watu wanywe bure.

Si kila muuza maji anaweza kutoa bure, kwani naye ana watoto wa kulisha. Lakini anaweza kushikilia bei ya kawaida kwa mwenye mgonjwa, na kumpa dumu moja bibi anayeishi peke yake. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na Saad bin Ubada (R.A.) ni sadaka gani bora amtolee mama yake aliyefariki, alimjibu kuwa ni maji. Ndugu yangu muuza maji, usiidharau kazi yako.

Wajibu wa mnunuzi

Nasi wenye nyumba tusimwachie yeye mzigo wote. Tembe ya dawa ina gharama. Wewe ukisisitiza bei ya chini kabisa, unamlazimisha aiache. Zungumza na majirani zako mkubaliane kulipa kidogo zaidi kwa dumu lililotiwa dawa, au mchangie pakiti za dawa mumkabidhi. Kamati ya msikiti inaweza kufanya hivyo kwa wauza maji wote wa mtaa, kwani fedha inayonunua pakiti za tembe ni ndogo kuliko ile ya sanda moja.

Pia acheni kumtenga. Kila mlipuko unapoingia, huwapo wanaomfukuza muuza maji kama mwizi. Akifukuzwa na huku bomba halitoki, watu hurudi kwenye kisima kilichofungwa, wakachota usiku. Ni bora kumsimamisha, kumsalimia na kumuuliza kwa adabu ametoa wapi na ametia nini. Anayejua kwamba ataulizwa kesho, leo anajiandaa.

Maji yakishaingia ndani, ulinzi ni wako. Weka ya kunywa katika ndoo yenye mfuniko na koki. Kama huna, tumia kata yenye mpini mrefu, uiangike, isilale juu ya pipa. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mtu akiamka usingizini asitumbukize mkono chomboni mpaka auoshe mara tatu. Na alituamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba usiku, akieleza kwamba upo usiku katika mwaka ambao maradhi huteremka na kuingia katika chombo kilicho wazi. Ni mafundisho ya zaidi ya miaka 1,400, na leo bwana afya akija nyumbani kwako atakwambia hivyo hivyo. Kama hukupata dawa, chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu, uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa.

Mgonjwa akitokea

Mara nyingi muuza maji ndiye wa kwanza kugundua. Nyumba iliyokuwa ikinunua madumu mawili leo inataka manane, nguo zimeanikwa nyingi na watu wana wasiwasi. Asipite kimya, na wala asitangaze aibu ya watu barazani. Awaambie wenyewe wawahi kituo cha afya, na ikibidi amjulishe mjumbe au mhudumu wa afya wa mtaa. Awapelekee maji, ayaache mlangoni, anawe kwa sabuni na aendelee na safari.

Wakati mnatafuta usafiri, mgonjwa anywe maji ya chumvichumvi ya ORS, pakiti moja kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, changanya lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anywe kidogo kidogo bila kukoma, hata kama anatapika, na mtoto anyonyayo aendelee kunyonya. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Usidharau kinywaji hiki. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, dripu ziliisha katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na sukari ya glukosi katika maji, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikifikia 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Hata hivyo, ORS si mbadala wa hospitali. Mgonjwa aliyelegea, macho yameingia ndani na hakojoi, anahitaji dripu haraka.

Na ikiwa Allah amepitisha amri yake, msikimbilie kuosha maiti kama kawaida. Waiteni wahudumu wa afya wawaelekeze, kwani maiti wa kipindupindu bado anatoa vijidudu. Walioosha wasishike sufuria ya chakula cha msiba. Na maji ya kupikia na kunywa hapo msibani yatiwe dawa, kwa sababu chakula cha msiba mmoja kimewahi kuzaa misiba mingine mingi.

Neno la mwisho

Qur'ani Tukufu katika Surat al-Maida, aya ya 32, inatufahamisha kwamba mwenye kuokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Tunapoisoma tunawafikiria madaktari na wauguzi. Tumfikirie pia kijana anayesukuma mkokoteni juani, ambaye tembe moja aliyoitia kwenye dumu asubuhi inaweza kuwa sababu ya mtoto wako kuamka salama kesho.

Kesho atakapopiga hodi, mjibu salamu yake, muulize juu ya maji yake, na mlipe gharama ya dawa. Allah atukinge sisi na vizazi vyetu na maradhi ya mlipuko, na atujaalie tuwe sababu ya uzima kwa jirani zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.